Ukuta wa Mteremkoni

Malori ya Malaba hupumua. Mgeni atasema ni breki za upepo tu, na hatakuwa amekosea, lakini mgeni huyo hajawahi kukaa kichwa chake kikiwa usawa wa tairi, shehena nzima ikimwinamia begani, akasikia ile pumzi ikitoka karibu na sikio lake. Euphrasia Alaso alikuwa ameisikia kila siku ya kazi tangu ujana wake, na bado ikimjia ghafla mgongo ulimsisimka. Watu wanaotembea kwa miguu huliona lori kwa mbele, wakaona rangi zake na maandishi yake ya kumsifu Mungu. Yeye, aliyekaa kwenye baiskeli ya magurudumu matatu na kuizungusha kwa mikono, aliliona kwa chini. Aliona vyuma, mafuta yanayodondoka, na lile jiwe ambalo tanboi, msaidizi wa dereva, hulitia mbele ya gurudumu ili mzigo wote ule usishuke na mteremko.

Baiskeli hizo ndizo kazi ya walemavu wa mpakani. Mbele ya miguu iliyokataa kutembea hupangwa katoni za sabuni, nyuma ya kiti hufungwa magunia ya sukari na mitungi ya mafuta ya kupikia, na ukimwona mtu anakuja hivyo huoni mtu, unaona duka linalotembea na kichwa juu yake. Kwa miaka mingi wakubwa wa forodha wa pande zote mbili za daraja la mpakani waliwapisha bila maneno mengi. Ukiuliza kwa nini, utaambiwa ni huruma. Euphrasia hakuipenda huruma, lakini hakuitukana pia. Kwake ilikuwa mlango kama mlango mwingine, na mlango ukiwa wazi mtu mwenye akili anapita.

Akili hiyo aliirithi kwa mama yake. Polio ilimpata kabla hajajifunza kusimama, kijijini karibu na Amukura, na ulipofika wakati wa shule mwalimu mkuu alimtazama akitambaa na ndara mikononi, akatikisa kichwa. Darasa lina ngazi, alisema, madawati yamejaa, nani atambeba kwenda chooni? Haiwezekani. Mama yake hakubishana. Aliuliza tu kama mtoto anaweza kukaa nje, chini ya dirisha. Mwalimu hakuona sababu ya kukataa, na Euphrasia akajifunza kusoma na kuandika kwa sikio, mgongo ukutani, mvua ikija akijifunika gunia. Kila alipoisimulia habari hiyo alicheka. Mama angedai dawati, alisema, angekosa hata dirisha.

Kulikuwa na mtoto mwingine kijijini mwenye miguu kama yake, jina lake Okwakol. Baba yake Okwakol alikuwa mtu wa shari. Alimbeba mwanawe mgongoni, akapanda ngazi zote, akamketisha kwenye dawati la mbele, akamwambia mwalimu amtoe kama ana nguvu. Kila asubuhi ilikuwa hivyo, kelele na matusi yaliyosikika mpaka kanisani. Kisha baba akafa, hakukuwa na mgongo mwingine wa kumbeba, na Okwakol akarudi nyumbani hajamaliza hata madarasa ya chini. Euphrasia alijua kusoma gazeti. Okwakol alijua kuandika jina lake. Ukitaka kujua ni yule mama au yule baba aliyekuwa na haki, waulize hao wawili, maana waliibishania maisha yao yote na sisi wengine tukiwasikiliza.

Walipokuwa watu wazima wote wawili wakawa wa mpakani, na shida yao ikawa moja, nayo ni mteremko. Barabara ya kwenda darajani inashuka pale kwa hasira. Upande mmoja kuna mtaro, upande mwingine kuna ukuta mrefu wa mawe wa yadi ambamo malori husubiri karatasi zao, na katikati ndimo malori na baiskeli hugombania njia. Ndani ya yadi, nyuma ya ukuta ule, ardhi imesawazishwa, inazunguka kwa upole mpaka kwenye lango la chini lililo karibu kabisa na daraja. Kilichotakiwa ni uwazi ukutani, upana wa baiskeli, huku juu. Mtoto mdogo angeona. Kila msimu mtu aliumia mteremkoni, huyu mkono, yule mbavu, na kila msimu walemavu waliomba ule uwazi.

Euphrasia alikuwa mwenyekiti wao, na ndiye aliyewaongoza kwenda kwenye kamati ya njia, kwa katibu wake Mathew Mulama. Mulama hakuwa mtu mbaya, na ningefurahi kama angekuwa mbaya, hadithi ingekuwa rahisi. Alisimama kumkaribisha kila mmoja, akasogeza viti ili baiskeli zipite, akaagiza chai.

"Mama Euphrasia, mimi niko upande wenu," alisema. "Lakini tuwe realistic. Ule ukuta umeshika mchanga wa yadi yote. Ukiguswa tu, yadi inakuja barabarani. Kuna mwenye yadi, kuna korti, kuna maji ya mvua. Haiwezekani. Niambie kitu naweza fanya kesho asubuhi, na kesho asubuhi nitafanya."

"Kwanza tuseme haki ni nini," Okwakol alisema kutoka nyuma. "Hiyo mambo ya kuwezekana itafuata."

"Mzee, haki isiyotekelezeka ni hadithi tu."

"Sawa, iite hadithi. Lakini usiikate ndiyo itoshee mfuko yako."

Watu walicheka, Mulama mwenyewe akacheka. Euphrasia hakucheka. Aliona chai inapoa, aliona katibu yuko tayari kutoa kitu, na alijua kutoka utotoni kwamba mtu aliye tayari kutoa kitu asiachwe akafikiri mara mbili. Akauliza kama malori yanaweza kusimamishwa kwa muda baiskeli zipite. Mulama akapiga meza kwa furaha. Hilo linawezekana.

Ndivyo filimbi ilivyozaliwa. Egesa, mtu wa Funyula aliyewahi kuendesha malori mpaka macho yalipoanza kumsumbua, alipewa fulana ya kung'aa na filimbi. Akiipuliza, malori yote ya mteremkoni husimama, tanboi wanaruka na kutia mawe, na baiskeli zinashuka kwa mstari mmoja karibu na ukuta. Ili tanboi wajue mstari umekwisha, Euphrasia alifunga kitambaa chekundu kwenye baiskeli ya Apio, mama mmoja mnene mpole ambaye daima alikuwa wa mwisho. Kitambaa kikipita, mawe yanatolewa. Lilikuwa jambo zuri, na mtu asiseme halikuwa zuri, kwa sababu msimu ule hakuumia mtu. Watu walimletea Euphrasia kuku.

Ila Okwakol hakuingia kwenye mstari. Alizungukia njia ya bondeni, kule kwenye matete, njia ndefu yenye matope ambayo mtu mzima mwenye miguu huilaani, akizungusha mikono mpaka mishipa ya shingo inatoka. Na kila asubuhi kabla ya kwenda huko alipita ukutani kwanza. Angesogeza baiskeli mpaka ikagusa mawe, akagonga kwa kifundo cha kidole, na kusema kwa sauti ya mgeni mwenye adabu, "Hodi!" Angesubiri kidogo, kichwa amekiinamisha kama anayesikiliza hatua za mtu ndani. Kisha angeondoka. Madereva walimpenda kwa hilo. Wengine walimjibu "Karibu!" kutoka juu ya malori yao, na mteremko mzima ukacheka.

Jumamosi moja alasiri walikutana kwenye chungu cha ajono. Kwa Wateso pombe hiyo ya wimbi hunywewa na watu waliozunguka chungu kimoja, kila mtu na mrija wake mrefu, na desturi yake kali ni kwamba mtu hanywi akiwa amesimama. Lazima ukae chini pamoja na wenzako. Euphrasia na Okwakol walikaa kwenye baiskeli zao, juu kidogo ya wengine, mirija yao ikiwa mirefu kuliko ya watu wote.

"Dada, unaona hii mrija?" Okwakol alisema. "Wakati tulianza kuja hapa, ya kawaida haikutufikia. Kuna mtu alisema haiwezekani?"

"Mrija si ukuta."

"Sijasema ni ukuta. Nasema walianza na kwamba sisi ni watu wa chungu. Wakamaliza hiyo. Halafu wakaenda kutafuta mrija. Wewe unaanza na mrija. Ukikuta ni fupi, unasema basi hatukuwa na kiu."

Watu wa chunguni walipiga makofi. Maneno hayo yalimchoma Euphrasia. "Mtaka cha mvunguni sharti ainame," alijibu.

"Sisi tumezaliwa tumeinama. Hicho cha mvunguni kiko wapi?"

"Kiko kwa filimbi ya Egesa. Tangu ipulizwe, tumezika nani? Niambie jina. Wewe na hiyo haki yako kubwa mnazunguka kwa matope, sisi tunashuka tukiwa hai. Heri nusu shari kuliko shari kamili, ndugu yangu. Bandu bandu huisha gogo."

"Ni kweli," Okwakol alisema taratibu. "Lakini hapa gogo ni sisi."

Hakuna aliyepiga makofi safari hiyo. Mwenye chungu aliongeza maji ya moto, watu wakarudi kwenye mirija yao, na mazungumzo yakahamia kwenye bei ya mahindi.

Mambo yalianza kuoza polepole, kama mti unavyooza kutoka ndani. Kwa kuwa filimbi ilifanya kazi, hakuna aliyetaja ukuta tena, hata kwenye mikutano yao wenyewe. Ukitaja ulionekana mtu wa kutafuta ugomvi. Malori yalizidi. Madereva waliochelewa kwa sababu ya mstari walianza kuisikia filimbi kama tusi, na wengine wakaanza kusimama nusunusu, injini ikinguruma, mguu kwenye breki, wakimwambia tanboi asijisumbue na jiwe. Breki zilichemka. Harufu yake, ya mpira na chuma kilichoungua, ilikaa mteremkoni hata siku ambazo hapakuwa na lori, ikaingia kwenye nguo za Euphrasia, na nyumbani alipovua leso alikuwa bado anaisikia.

Asubuhi moja Egesa alimjia akiwa ameficha kitu mkononi. Alikuwa mtu wa maneno machache, na siku ile alikuwa na machache zaidi. Akafungua kiganja. Lilikuwa pande la jiwe, moja ya yale ya kuzuia magurudumu, lililopasuka katikati.

"Hii nimetoa chini ya tela ya jana," alisema. "Ilikuwa inaendelea kupasuka nikiiangalia. Mama, hii mteremko haina subira."

Euphrasia alilichukua, akalipima mkononi. Penye mpasuko jiwe lilikuwa jeupe, na unga wake ulibaki kwenye vidole vyake. Akaupangusa haraka kwenye leso. Akasema waambiwe tanboi watafute mawe makubwa zaidi. Hilo liliwezekana, na siku ileile likafanyika.

Kisha ikaja mvua ya masika, na ilikuja kwa chuki. Bonde lilijaa. Njia ya Okwakol kwenye matete ikapotea chini ya maji ya kahawia, na Okwakol akakaa nyumbani. Siku zikapita. Mkewe Benedetta, ambaye hakuwahi kumwomba mtu kitu, alikuja kwa Euphrasia akiwa amelowa mpaka mifupa, akasimama mlangoni bila kuingia.

"Ongea naye," alisema. "Mimi ananipenda sana, hawezi nisikia. Wewe mnagombana, atakusikia."

Euphrasia alikwenda. Alimkuta Okwakol amekaa mlangoni pake akiitazama mvua, na ndani chungu cha kunde kilichemka bila chumvi wala mafuta. Hakumhubiria. Alisogeza baiskeli yake kando ya yake na wote wawili wakawa wanaitazama mvua, na kwa muda walikuwa tena watoto wa Amukura.

"Siku moja tu," alisema mwishowe. "Pita na sisi siku moja, ulete unga nyumbani, halafu urudi kwa ukuta yako uendelee kubisha. Ukuta hautaenda mahali."

"Nikipita, Mulama atasema hata Okwakol amekubali."

"Na aseme. Benedetta atakula maneno ya Mulama?"

Mikono ya Okwakol, mipana kama ya mvuvi wa Osieko, ilikuwa imelala mapajani haina kazi. "Unajua naogopa nini?" alisema. "Siogopi lori. Naogopa nitazoea."

Lakini alikubali. Euphrasia alirudi nyumbani akiimba wimbo wa kanisani. Nasema hivi ili ijulikane kwamba alifurahi, kwamba alimpenda yule mzee mkaidi, na kwamba kila alichofanya alikifanya kwa moyo safi. Haimsaidii chochote kujua hivyo, lakini ijulikane.

Asubuhi ile kulikuwa na manyunyu, na barabara iling'aa kama imepakwa mafuta. Egesa alipuliza. Malori yalisimama mteremko mzima, moja baada ya jingine, yakipumua, na tanboi wakaruka chini na mawe yao makubwa. Euphrasia alikuwa mbele. Alimwona Okwakol katikati ya mstari, ana gunia la sukari nyuma na kofia yake ya manyoya kichwani, akamwinulia mkono. Okwakol naye akainua wake. Madereva waliomjua walipiga honi kumshangilia. Mstari ukaanza kushuka.

Mazoea yana nguvu kuliko njaa. Alipofika mahali pake pa kila siku, Okwakol alitoka mstarini, akasogea ukutani, akainua kidole kugonga. Labda alitaka kuuaga tu. Waliokuwa nyuma yake walimpita, wakidhani amebadili nia, na nani angeshangaa? Huyo ndiye Okwakol. Apio naye alimpita, akamwambia "Yoga, mzee," kama alivyomsalimu kila asubuhi, na kitambaa chekundu kikashuka pamoja naye. Kwa miaka yote ya filimbi hakuna aliyewahi kumngoja Okwakol, kwa sababu Okwakol hakuwahi kuwa mmoja wa mstari. Na Euphrasia, aliyefikiria kila kitu, hakufikiria kumwambia Apio.

Alikuwa chini darajani alipogeuka. Aliona kitambaa chekundu kinakuja, kimelowa, kimejikunja. Aliona tanboi wa juu wakiinama, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akitoa jiwe lake kama alivyofundishwa. Na nyuma ya kitambaa, juu kule kando ya ukuta, aliona kofia ya manyoya.

Akapiga kelele. Mvua na injini zikaimeza. Egesa, ambaye macho yake hayakuwa mazuri, alisikia sauti lakini hakujua inatoka wapi wala inasema nini, akaweka filimbi mdomoni, akasita. Lori la pili kutoka juu likapumua. Halikwenda mbele kama linavyokwenda lori lililoamriwa na dereva. Lilianza kuteleza kiubavu, polepole sana, tela lake likigeukia ukutani, na hapakuwa na jiwe.

Walioona wanasema Okwakol aliliangalia tu. Mahali pa kwenda hapakuwepo. Nyuma yake kulikuwa na ukuta.

Baadaye Euphrasia hakukumbuka jinsi alivyopanda mteremko ule bila msukumaji. Alikumbuka gunia la sukari lililopasuka, na sukari ikiyeyuka katika maji ya mvua na kushuka kwenye mtaro. Alikumbuka Egesa amekaa chini barabarani, filimbi bado iko midomoni mwake, akipumua, na kila anapopumua inatoa mlio mdogo mwembamba, mpaka mtu mmoja akamtoa filimbi ile kwa upole kama anavyotolewa mtoto kijiko.

Mwili wa Okwakol ulichukuliwa mchana uleule, lakini lori halikutoka. Lilikuwa limejibana kati ya ukuta na mtaro, kichwa huku na tela kule, barabara yote imefungwa. Usiku ukapita. Kulipopambazuka foleni ilikuwa imepita Amagoro, matunda yanaoza, madereva wanatukanana, na simu ya Mulama haikunyamaza. Euphrasia alikuwa amerudi. Hakujua kwa nini. Alikaa kwenye baiskeli yake upande wa pili wa mtaro, amejifunga leso iliyolowa, akitazama.

Tingatinga lilikuja kutoka ndani ya yadi. Ndiyo njia pekee ya kulifikia lori. Mwenye yadi mwenyewe, mtu ambaye katika miaka yote ya maombi walemavu hawakuwahi hata kumwona sura, alisimama pale na mwavuli akiwaonyesha vijana wa mashine waanzie wapi. Hakukuwa na korti. Hakukuwa na karatasi. Chuma kikaegemea mawe, mawe yakalalamika, na ukuta ukalala chini. Upana wake ulitosha baiskeli nne kupita sambamba. Euphrasia aliushika usukani wake akisubiri mchanga wa yadi uje barabarani kama alivyoahidiwa. Yakaviringika mawe machache. Mchanga ukabaki pale ulipokuwa.

Miaka yote ile Euphrasia alikuwa akipima haki ya watu wake kwa neno la mwalimu mkuu, kwa neno la katibu, na hakuwahi kuuliza neno hilo limepimwa kwa kipimo gani. Haiwezekani. Kwa nani?

Kufikia saa za chakula lori lilikuwa limevutwa. Mafundi wakaja na mawe, mchanga na mifuko ya simiti, wakaanza kukoroga. Mulama alivuka mtaro, akachuchumaa mbele ya baiskeli ya Euphrasia ili macho yao yakutane. Alikuwa amelia. Macho yake yalikuwa mekundu kwelikweli.

"Mama, pole. Sina maneno. Tumekaa na kamati asubuhi. Tutaweka mtu wa filimbi wa pili, hapa juu. Na kitambaa cha pili, cha mbele. Hii haitarudia."

"Inawezekana?" Euphrasia aliuliza.

"Inawezekana kabisa. Hata kesho."

Akilini Euphrasia alimwona mama yake akiwa amesimama mbele ya mwalimu mkuu, mikono imefumbatwa, akitafuta kwa haraka kitu kidogo cha kuomba. Kisha aliwaona wenzake huko juu barabarani, wamejipanga na baiskeli zao kandokando kwa mazoea, Apio nyuma yao wote, na kile kitambaa. Akageuza usukani, akavuka mtaro juu ya kibao, akapanda mpaka kwenye uwazi na kusimama katikati yake, kati ya makarai ya simiti.

Mafundi waliacha kukoroga. Mwenye yadi akafunga mwavuli wake.

"Mama Euphrasia, usinifanyie hivi," Mulama alisema, akija nyuma yake. "Unajua ukuta lazima urudi. Unajua haiwezekani."

"Sijakuuliza kama inawezekana." Euphrasia alisema bila kugeuza baiskeli. "Hiyo ndiyo nilikuwa nakuuliza miaka yote, na nimempoteza Okwakol nayo. Leo nakwambia hii ni njia yetu. Kuwezekana utatafuta wewe."

"Watu watakuja kuwatoa kwa nguvu."

"Najua."

Na alijua. Alikuwa akiogopa. Mwenye yadi alikuwa tayari ameweka simu sikioni, amewapa mgongo. Chini darajani watu wawili wenye sare walikuwa wamegeuka kutazama. Barabarani malori ya foleni ndefu yalianza kuwashwa, moja baada ya jingine, mteremko wote ukinguruma, na leo hapakuwa na wa kupuliza filimbi. Wenzake walikuwa wameanza kuja bila kuitwa. Wa kwanza akafika uwazini, wa pili nyuma yake, na mstari wao ukakwama hapo, maana Euphrasia alikuwa ameziba, na mkia wa mstari ulikuwa bado nje, barabarani, mbele ya magurudumu ya malori.

Juu, lori la kwanza likapumua.

Euphrasia alisikia mgongo unasisimka. Akatazama nyuma, juu ya vichwa vyote, akakiona kitambaa chekundu cha Apio. Hakuangalia jiwe liko wapi. Akazungusha pedali kwa nguvu zake zote, baiskeli ikaruka juu ya kifusi, akaingia ndani ya yadi, ndani kabisa, akipiga kelele huku anakwenda.

"Ingieni! Ingieni nyote! Msingoje mtu awakaribishe!"

Waliingia wakigongana, wakimwaga sabuni, wakitukana, baiskeli moja juu ya nyingine, mpaka Apio naye akapita akihema, na nyuma ya kitambaa chake lori likashuka na upepo wake. Safari hii Euphrasia alihakikisha. Alitazama barabara yote, juu mpaka chini, kandokando ya ukuta uliobaki. Hapakuwa na kofia ya manyoya, wala mtu mwingine yeyote.

Fundi mmoja aliinama juu ya karai lake, akalichoma kwa mwiko.

"Boss," alimwambia Mulama, "hii simiti inaganda."

"Wacha igande," Euphrasia alisema, kabla Mulama hajafungua mdomo.